Boti nyuma ya Touareg: gari la kifahari halikwambii kila kitu

Mwaka 2017, kwenye uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle jijini Paris, Porsche Cayenne ya dizeli ilifungwa kwenye ndege aina ya Airbus A380 yenye uzito wa tani 285 na kuivuta meta 42. Shemeji yangu alinitumia video ile siku aliposikia kwamba boti itatoka Dar kwenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa barabara, nyuma ya Volkswagen Touareg yangu. Chini yake akaandika: "Shem, wenzako wamevuta ndege. Wewe unaogopa boti?" Na kwa kuwa anajua habari za magari kuliko anavyojua za ukoo wake, akaongeza kwamba Cayenne na Touareg ni watoto wa baba mmoja, na kwamba Touareg nayo iliwahi kuvuta Boeing 747 huko Uingereza mwaka 2006.

Yote kweli. Ila uwanja wa ndege ni tambarare, gari lilikwenda mwendo wa mtu anayetembea, na hapakuwa na basi la mkoani linalotaka kupita kwa mwendo wa 100. Wala hakuna aliyeuliza ndege ile, ikishashika kasi kwenye mteremko, ingesimamishwa na nani.

Magari haya ya kifahari ya ukubwa wa kati, BMW X5, Mercedes GLE, Audi Q7, Touareg, Land Rover Discovery na wenzao, nguvu wanayo tele. Ukisikia limepata balaa likiwa na tela, ujue kilichokosekana kilikuwa breki au mizani ya mzigo. Na yana tabia moja inayonisumbua kuliko zote: yanakuficha. Land Rover ya zamani ikivutwa na tela kushoto, utajua kwenye viganja, kiunoni na kwenye kioo kinachotetemeka. Haya ya kisasa yametengenezwa ili wewe uliyeketi ndani usisikie kitu. Usukani mwepesi, vioo vinene, saspensheni ya upepo inayonyanyua nyuma gari lisionekane limelemewa. Kwa safari ya kawaida hiyo ndiyo raha uliyoilipia. Ukiwa na tela, ni kama kuendesha umeziba masikio, na kazi ya kusikia lazima uifanye kwa namna nyingine: kwa mizani, kwa macho, na kwa kusimama njiani na kushuka.

Tuanze na bati. Magari yaliyotengenezewa soko la Ulaya yana kibati au stika, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango, yenye namba ya chesisi na mistari minne ya uzito. Wa kwanza ni uzito wa juu wa gari likiwa na watu na mizigo. Wa pili ni wa gari pamoja na tela. Miwili ya mwisho ni uzito wa kila ekseli. Toa wa kwanza kwenye wa pili, utapata uzito wa tela ambao mtengenezaji ameukubali. Kwangu inatoka kilo 3,500. Mstari wa pili ukiwa mtupu, gari hilo halikuidhinishwa kuvuta kitu, hata kama muuzaji wa yadi amelifunga tobaa, chuma cha kuvutia tela, inayong'aa.

Yaliyotoka Japani, ambayo ndiyo mengi kwetu, mara nyingi hayana maelezo hayo kabisa, na hapo watu huanza kuazima namba za nchi nyingine. Harrier za vizazi viwili vya kwanza zilikuwa Lexus RX kwa jina jingine, na RX 350 kule Marekani iliruhusiwa kuvuta paundi 3,500, yaani kama kilo 1,590. Sawa, lakini ruhusa hiyo ilikuwa kwa gari lililotoka kiwandani na vifaa vya kuvutia, pamoja na upoozaji wake. Gari lililotoka Nagoya kwa ajili ya kupeleka watoto shule halina habari na ruhusa hiyo.

Halafu kuna namba ya pili ambayo watu huiruka: tela lisilo na breki zake lenyewe. Ulaya kikomo chake ni kilo 750, hata kama gari linaruhusiwa kuvuta tani tatu na nusu. Zaidi ya hapo tela liwe na breki. Ukikagua matela ya boti yanayozunguka Dar utashangaa mangapi yana ekseli, matairi mawili na dua.

Sasa boti yenyewe. Ni ya faiba, futi 19. Karatasi ya muuzaji inasema kilo 700. Mashine ya farasi 115 ni karibu kilo 170, tela lenyewe 350. Ukijumlisha unapata 1,220 na unalala usingizi. Tukalipeleka tela kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, likiwa na kila kitu kitakachosafiri: petroli lita 100, ambazo ni karibu kilo 75, betri mbili, nanga na mnyororo wake, makoti ya kuokolea, boksi la barafu, maji ya kunywa, tairi la akiba, turubai. Mizani ikasoma 1,480. Robo tani imetoka wapi? Imetoka kwenye vitu vidogo vidogo ambavyo kila kimoja ukikibeba kwa mkono unasema "hiki ni chepesi". Tangu siku hiyo simwamini mtu anayenitajia uzito wa boti yake kwa kukumbuka.

Uzito wa jumla ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni uzito wa shingo, yaani uzito ambao kikombe cha tela kinaukandamiza kwenye kichwa cha tobaa, ile tufe ya chuma ambayo kikombe hukaa juu yake. Ukiwa mdogo mno, nyuma ya tela ni nzito, na tela lenye mkia mzito litacheza barabarani. Ukiwa mkubwa mno, unaikandamiza ekseli ya nyuma ya gari na kuinyanyua ya mbele, ile inayoshika usukani na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Kwa gari langu kikomo ni kilo 140. Kikombe cha tela nacho kina kikomo chake kilichopigwa muhuri kwenye chuma, changu 100, na kati ya namba mbili hizo inayotawala ni ndogo.

Ukisoma mtandaoni utakuta Wamarekani wanasema shingo ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Ukiichukua kanuni hiyo kwa tela langu unapata kilo 148 hadi 222, yaani ndogo yake tayari imepita kikomo cha gari. Ulaya wanakwenda na asilimia ndogo kuliko hiyo, kwenye saba hivi, na mwendo wao wakiwa na tela ni mdogo. Ujerumani kikomo cha kawaida ni kilomita 80 kwa saa. Kanuni ya shingo na kanuni ya mwendo zinatembea pamoja. Huwezi kuchukua shingo nyepesi ya Mjerumani ukaikimbiza kwa mwendo wa Texas.

Kupima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unahitaji mizani ya bafuni, ile ya kupimia mwili, na kipande cha mbao. Tela liwe mahali pa sawa, magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Mbao iwe na urefu utakaokiweka kikombe kwenye kimo kilekile kitakachokuwa nacho kikiwa juu ya tobaa. Unanyanyua kigurudumu cha mbele taratibu mpaka mzigo wote wa shingo ukae juu ya mbao, na mbao juu ya mizani. Mara ya kwanza sindano ilisimama kwenye 52. Tangi la petroli liko nyuma, mashine iko nyuma, na kijana aliyepakia alikuwa ameweka nanga na boksi la barafu nyuma pia, kwa sababu ndiko kulikokuwa rahisi kufika. Tukahamisha betri, nanga na boksi kuja mbele: 70 na kidogo. Kisha tukalegeza kizuizi cha pua ya boti kwenye tela na kuisogeza boti yote mbele sentimita 10. Hesabu inasema hivi: boti na vilivyomo ni kilo 1,130, kutoka ekseli hadi kikombe ni meta tatu na nusu, kwa hiyo sentimita 10 zinahamisha kama kilo 30. Tukapanda juu ya 100, tukairudisha kidogo. Sindano ikakaa 97. Kazi ya asubuhi moja, na majirani wawili walikuja kuuliza kama boti inapungua unene.

Ukishafunga tela, saspensheni ya upepo itanyanyua nyuma ya gari ndani ya sekunde chache. Gari linasimama sawasawa, linapendeza, na kwa macho huwezi kutofautisha shingo ya kilo 50 na ya kilo 200. Wenye magari ya springi za kawaida wanaona mkia umelala na wanashtuka. Sisi hatushtuki. Upepo unarudisha kimo tu. Mzigo kwenye ekseli ya nyuma uko palepale, na matairi ya nyuma yanautambua hata kama wewe huuoni. Ndiyo maana presha ya upepo naifuata ile ya gari lenye mzigo kamili, iliyoandikwa kwenye stika ya kifuniko cha tangi au mlango, kabla ya kuondoka, matairi yakiwa baridi. Na uzito wa shingo unahesabiwa kama abiria: kilo 97 zile zinakatwa kwenye mzigo ambao gari linaruhusiwa kubeba. Watu watano na masanduku yao wakishaingia, nafasi iliyobaki si kubwa.

Kuhusu tobaa nitasema machache, kwa ukali. Prado na Land Cruiser zina chesisi ya ngazi, chuma kinene cha kushikilia karibu chochote. X5, GLE, Touareg na wenzao hawana. Bodi yenyewe ndiyo chesisi, na tobaa lazima ishike sehemu zilizotengwa kwa kazi hiyo, kwa bolti za daraja lililotajwa, zikikazwa kwa spana ya kipimo. Jirani yangu alifungiwa ya kuchomelea kwenye boriti iliyo nyuma ya bampa. Boriti ile kazi yake ni kukunjika ukigongwa. Matuta ya barabara zetu, ambayo kila moja linaizidisha shingo uzito mara kadhaa kwa kufumba na kufumbua, yaliipasua kwenye maungio, na mungu alimsaidia akaiona akiwa anaosha gari.

Kichwa nacho kipimwe. Cha Ulaya kina kipenyo cha milimita 50. Cha Marekani ni inchi 2, yaani 50.8. Tofauti haifiki hata milimita moja, lakini kikombe cha 50 hakikai vizuri juu ya kichwa cha 50.8, kitaonekana kimefungwa na hakijafunga. Kuna jaribio dogo nalipenda: ukishafunga, zungusha kigurudumu cha mbele cha tela kushuka chini, kama unataka kulinyanyua. Mkia wa gari ukipanda pamoja nalo, kikombe kimeshika. Kikichomoka, bora kichomoke hapo nyumbani. Minyororo ya usalama ipite kwa msalaba chini ya shingo, ili shingo ikianguka iangukie juu yake na isichimbe lami. Waya wa dharura wa kuvuta breki ufungwe kwenye gari lenyewe, usizungushwe juu ya kichwa cha tobaa, maana kikichomoka kikombe na kitanzi cha waya nacho kitachomoka.

Umeme ndio unaowatoa machozi wenye magari ya kifahari. Kwenye pikapu ya zamani fundi anakata waya wa taa ya nyuma, anaunga wa tela, kazi kwisha. Ukifanya hivyo kwenye X5 au GLE, kompyuta inaona taa zinakula umeme usio wa kawaida na inaanza kulalamika, au inaizima taa kabisa. Dawa ni moduli ya tela yenye fyuzi yake inayochukua umeme kwenye betri, kisha gari lielezwe kwa kompyuta kwamba sasa lina tela. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa, kwa sababu taa zinawaka hata bila hiyo. Lakini mengi ya magari haya yana mfumo wa kutuliza tela linapocheza, kwa kugusa breki za gurudumu moja moja na kupunguza nguvu ya injini, na mfumo huo hauamki mpaka gari lijue kuna kitu kimechomekwa kwenye soketi. Namna ya kujua: ukichomeka plagi na kuingiza rivasi, je, vihisi vya nyuma vinapiga kelele kwamba kuna ukuta? Vikipiga, gari lako halijui kwamba lina tela.

Barabarani, kutoka Dar hadi Morogoro hakuna cha kusimulia isipokuwa foleni. Niliposimama mara ya kwanza, baada ya kilomita chache tu, nilizunguka tela lote na spana ya magurudumu, nikagusa kila nati, na kuweka kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu kusikiliza joto. Kitovu kimoja kikiwa na moto kuliko mwenzake, beringi au breki ina tatizo. Mikumi, barabara inakatiza hifadhini na mwendo umewekewa vibao. Mwendo ule ni wa gari tupu lenye breki nzima. Wenye tela tupunguze zaidi, kwa sababu tembo hapangi foleni. Mlima Kitonga tuliupanda nyuma ya malori yaliyobeba saruji. Dizeli yenye tabo haijali sana hewa nyepesi ya milimani, na sindano ya joto ilikaa pale pale. Niliacha nafasi kubwa mbele. Lori likisimama ghafla kwenye kona ya Kitonga, wewe mwenye tela huna pa kurudi.

Mabasi ndiyo mtihani. Basi linapokupita, upepo wake unaisukuma kwanza sehemu ya nyuma ya tela kwenda nje, halafu likishafika usawa wako unaivuta ndani. Gari lenyewe halihisi kitu. Tela linahisi. Lililopangwa vizuri litatikisika mara moja na kutulia. Lenye mkia mzito litatikisika mara ya pili kwa upana zaidi, na ya tatu kwa upana zaidi ya hapo, na wewe ndani utaanza kusikia kwenye ya tatu, kwa sababu ya ule utulivu uliolipia. Kwa hiyo nimejizoeza: basi likitokea kwenye kioo, nashusha mwendo mapema, nashika usukani kwa mikono miwili, na macho yangu yako kwenye vioo, kwenye ncha za boti.

Likianza kucheza, ondoa mguu kwenye mafuta. Usukani ushike umenyooka. Usipige breki kwa nguvu, kwa sababu gari litapungua mwendo kabla ya tela na tela litataka kukupita. Usijaribu kulifuata kwa kukata kushoto na kulia. Utakuwa unachelewa kila mara na kuliongezea bembea. Wapo wanaofundisha kukanyaga mafuta ili "kulinyoosha". Tafadhali wapuuzwe. Mwendo ndio chanzo. Nguvu iliyomo kwenye gari na tela vikienda 100 ni zaidi ya mara moja na nusu ya iliyomo vikienda 80, na safari nzima mimi sikupita 80.

Nilichokuwa nakiwaza tangu Dar ni mteremko wa Rungwe. Kutoka Mbeya barabara inapanda kupita meta 2,000 kwenda juu, halafu inaanza kushuka, Tukuyu, chai, migomba, ukungu, kona, mvua ambayo haina ratiba, bodaboda wenye mikungu ya ndizi, mpaka Kyela, na ziwa likiwa karibu meta 500 tu kutoka usawa wa bahari. Ni zaidi ya meta 1,500 za kushuka. Gari langu na watu wake, pamoja na tela, ni kama kilo 4,100. Nilipiga hesabu usiku pale Mbeya, maana nilikosa usingizi: joto litakalotoka kwenye mteremko huo wote lingetosha kuchemsha ndoo tisa za lita 20, kutoka maji ya kawaida hadi yatokote. Sehemu yake inachukuliwa na upepo na matairi. Iliyobaki inakwenda ama kwenye injini ama kwenye breki, na breki ni vipande vichache vya chuma.

Breki za tela langu ni za kusukumwa: tela linapolisukuma gari, shingo inaingia ndani kidogo, inavuta waya, viatu vya breki vinabana. Kwenye barabara ya sawa ni mfumo mzuri usio na makuu. Kwenye mteremko mrefu una kasoro yake, kwani tela linakusukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinaburuta muda wote hata kama wewe umeshikilia kwa gia. Hilo hutaliona kwenye dashibodi. Utalinusa, ukisimama.

Niliingiza gia kwa mkono kabla mteremko haujaanza, ya 4, sehemu nyingine ya 3, injini ikalia juu kidogo na abiria wakauliza kama kuna tatizo. Hakuna, ndivyo inavyotakiwa kulia. Ukiiachia sanduku la gia lijichagulie, litapanda gia kimya kimya kutafuta utulivu na uchumi wa mafuta, na ghafla unajikuta unakanyaga breki kila kona. Breki nilikuwa nazigusa kwa kishindo kifupi, mwendo unashuka vya kutosha, naziachia zipumue, badala ya kuzikanyaga kidogo kidogo bila kuziachia. Mafuta ya breki nilikuwa nimebadilisha kabla ya safari. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike angalau nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yakishanyonya kiwango chake kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka, pedali inazama mpaka chini na hakuna kitu. Gari lililoletwa kutoka nje likiwa na miaka yake, na mafuta ya breki ambayo hakuna ajuaye yana umri gani, lisipewe tela mlimani.

Tulisimama mara kadhaa kwenye maegesho ya pembeni. Kwenye mojawapo, maji ya mvua yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye boti juu ya ngoma ya breki ya kushoto yalifanya "tssss" na kuwa mvuke, huku ya kulia yakitiririka tu. Kushoto kulikuwa kumekazwa kuliko kulia. Fundi wa pikipiki wa Tukuyu alitusaidia jeki na tukalegeza nati ya waya mizunguko michache. Hakutaka pesa, alitaka kujua boti inavua samaki gani.

Matema, kosa ambalo watu wa boti hulifanya ni kufika na kurudisha tela moja kwa moja majini. Kitovu chenye moto kikizama kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili, na grisi ya beringi inageuka kuwa maziwa. Tuliwaacha watu wakanywe chai. Kitovu kilipokuwa cha kushikika ndipo nikaanza kurudi nyuma, mkono mmoja chini ya usukani: mkono ukienda kushoto, tela linakwenda kushoto. Kila mtu aliyekuwa ufukweni alipandishwa cheo kuwa utingo. "Kata kulia! Nyoosha! Njoo, njoo, njoo!" Nikateua mmoja, kijana mwenye sauti, na kuwaomba wengine wapumzike. Mchanga ni laini na gari lina tani mbili na zaidi, kwa hiyo tela lilimaliziwa kwa kamba ndefu, gari likibaki pagumu.

Maji ya Nyasa ni matamu, hayana chumvi ya Kigamboni, hivyo breki za tela hazihitaji kuoshwa kwa wasiwasi. Bado niliingiza grisi mpya kabla ya kurudi. Na matairi ya tela, kama hujayaangalia siku nyingi, soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu, baada ya herufi DOT: 3518 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2018. Tairi la tela la boti linakufa kwa uzee likiwa na meno yote.

Wanaoniuliza kama wafanye hivi, wenye Harrier na RX huwa nawaambia wakodi Fuso. Boti inapakiwa na tela lake, inafungwa kamba, na mwenye boti anatangulia na familia akisikiliza muziki. Wenye X5, Touareg au Discovery wanaweza kuvuta, lakini ukijumlisha moduli ya soketi, mafuta ya breki, oili ya sanduku la gia, matairi na beringi za tela, kwa safari moja au mbili kwa mwaka Fuso bado inakuja na bei nafuu. Mimi navuta kwa sababu kushusha boti ya futi 19 kutoka juu ya lori, mahali pasipo na winchi, ni kazi ya magogo na vijana wengi, na mashine ya farasi 115 sipendi ishuke hivyo.